Tufe Mbele ya Pua

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, ng'ambo ya geti la chuo, mbele ya saluni ya kinyozi, na ukichelewa kidogo tu asubuhi upande wa kivuli umeshachukuliwa. Watu wake ni walewale. Yuko Wembe, kinyozi, ambaye habari zote za chuo humfikia kupitia vichwa vya wanafunzi. Yuko Profesa, fundi simu, aliyesoma fizikia mwaka mmoja chuoni hapo akaachia njiani, jina likabaki. Yuko Shangazi, muuza kahawa, asiyemimina kabla hajasema lake. Na yuko Cheche, mchomeleaji wa vyuma, mtu mpole mwenye mikono iliyojaa alama za moto. Siku hiyo Cheche alishika kikombe mpaka kikapoa, na wenzake walijua sababu, au walidhani wanaijua.

Wembe ndiye aliyeleta habari. Kesho, katika ukumbi wa fizikia, binti yake Cheche atasimama mbele ya mwaka wa kwanza wote, mgongo ukutani. Atalivuta tufe la chuma lenye ukubwa wa chungwa, linaloning'inia darini kwa waya, aliweke kwenye ncha ya pua yake, kisha aliachie. Tufe litakwenda hadi upande wa pili na kurudi kwa kasi kwenye uso uleule. Naye asitikisike.

— Na akitikisika? aliuliza Shangazi.

— Atakuwa amefeli somo, alisema Wembe. Na pua pia.

Profesa akakohoa kidogo, kama afanyavyo kila fizikia inapotajwa. Alisema tufe halina mahali pa kupata nguvu za ziada: lilipoanzia ndipo mwisho wake, haliwezi kurudi likapapita, tena hewa hulipunguzia kasi njiani. Muhimu mtu aliachie tu, asilisukume, wala asisogeze kichwa mbele. Aliyasema vizuri, hata Cheche akatamani mazungumzo yaishie hapo.

Lakini kijiwe hakijawahi kuridhika na jibu la kweli. Wembe alidai mama mhadhiri anayefundisha somo hilo huchagua wenye pua fupi tu. Shangazi alisema chuma hufuata macho, ukikikodolea kinakuja, na ndiyo maana wachomeleaji huvaa miwani. Profesa, kwa kutotaka kupitwa, akaisahau fizikia yake. Alisema dunia inazunguka, kwa hiyo tufe hurudi limeshasogea pembeni, na kwa hesabu zake litampata mkuu wa idara palepale anapokaa, kiti cha mbele.

Wakacheka wote isipokuwa Cheche.

— Ile pete ya darini, alisema taratibu, ile waya unapofungwa. Niliichomelea mimi.

Akawaeleza kwamba watu wa chuo walimwita wakamwambia kuna kitu cha kuning'iniza, yeye akadhani feni. Siku ile umeme ulikuwa unapanda na kushuka, ikabidi aurudie mshono, akaukagua, akaridhika, akashuka ngazi. Kwa feni angelala usingizi wake. Sasa ni mwanawe atakayesimama pale.

— Tufe lenyewe dogo lile, Wembe alimtuliza. Feni nzito zaidi.

— Likiwa limetulia, alisema Profesa. Likipita pale chini kwa kasi, huvuta kuliko uzito wake.

Mara akajuta, maana Shangazi alimkata jicho.

Cheche aliweka kikombe chini. Alikuwa ameshaamua: aende getini, amwambie mhadhiri binti yake hasimami. Na uamuzi huo ulimuuma. Binti aliyekesha na vitabu, aliyefeli mtihani wa kwanza wa fizikia akang'ang'ana mpaka somo likamkubali, leo baba yake aje kumtoa mbele za watu kama mtoto mtukutu.

Kabla hajainuka, binti mwenyewe akavuka barabara.

— Shikamooni.

Waliitikia kwa sauti ndogo. Akautazama uso wa baba yake, akajua habari imeshafika.

— Baba, sikuchaguliwa. Nilijitolea.

— Kwa nini, mama?

— Nilipanda ngazi kufunga waya, nikauona mshono. Umejipanga kama magamba ya samaki. Nikajua ni wa kwako. Mambo ya tufe nimeyakokotoa mwenyewe, nayaamini. Pete sikuona haja ya kuikokotoa.

Cheche akatazama chini. Alijaa fahari mpaka akaona haya, na woga nao haukuondoka. Kumkataza sasa ilikuwa ni kumwambia kazi ya baba yake si ya kuaminika. Kumwacha hivihivi, hakuweza.

— Ngazi bado ipo?

— Ipo.

— Basi twende. Nitaning'inia mimi kwanza kwenye hiyo pete, nijirushe huku na huku. Ikishika, kesho utasimama, na mimi nitakuwepo kukutazama.

Wembe alipiga paja kwa furaha. Shangazi alisema baba wa namna hii angeazimishwa mtaani, watoto wote wamfaidi. Profesa aliinuka kabisa kwenye benchi, akasema kwa heshima kwamba hilo sasa ni jaribio la kweli, na kwamba yeye enzi zake angekuwa na mtu wa kuwaza hivyo asingeacha chuo.

Binti alichomoa kalamu kwenye nywele, macho yanang'aa kama mtu aliyepewa zawadi.

— Tufe likipita chini, tunajua linavuta kiasi gani. Wewe una kilo ngapi, Baba?

Cheche akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Profesa, aliyekuwa ametoka kuikokotoa dunia nzima na kiti cha mkuu wa idara. Profesa akaanza kumkadiria Cheche kwa macho, kichwa hadi miguu.

— Basi tuanzie kwenye mizani, alisema binti, akamshika baba yake mkono.

Wote wakawafuata, Shangazi naye, na benchi likabaki tupu kahawa ikiwa bado ya moto kwenye birika.