Jibu Ulilompa Mwanao

Sogeeni, Errol na Elaine, na wewe Renata weka hiyo simu uvute kiti, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupazia sauti. Elaine, zima televisheni. Nesi amenilaza ubavu huu kwa sababu ya vidonda vya mgongo, kwa hiyo nautazama ukuta na ninyi nimewapa mgongo. Msidhani ni hasira iliyonigeuza, ingawa hasira ninayo, na leo naitoa. Padri amekuja asubuhi, amenipaka mafuta, mambo yangu na Mungu yamekwisha. Yaliyobaki ni yangu na ninyi, na hayo hayana utamu. Nitasema kwa Kiswahili. Renata huwa anasikia kila kitu, kujibu tu ndiko kunakomshinda, na leo sitaki kujibiwa na mtu. Msinikatize mpaka nimalize.

Vitu vyangu ni vichache. Cherehani na mkufu wa mama yangu ni vya binti yangu Elaine, kwa kuwa yeye ndiye aliyenipokea hapa kwake Downsview nilipoanza kuanguka anguka, akaniosha, akanilisha, akanivumilia nilipokuwa nalalamika malori ya kwenye maghala hayo yanavyonguruma mchana kutwa. Nguo zipelekeni kanisani, lakini kanga zangu zisitoke kwenye ukoo, sitaki zigeuzwe mapazia ya mtu. Rozari mtanizungushia mkononi. Basi, hayo ndiyo mepesi.

Errol, kiti chako kinalia, najua unajipindapinda. Unasubiri niitaje nyumba ya Chumbageni, ile aliyotuachia baba yako. Kila ukija kuniona, baada ya kuuliza kama nimekula, unaniambia mnunuzi wa Tanga bado anaitaka, kwamba bei ni nzuri, kwamba nyumba ya mbali ni mzigo. Nitaitaja, mwanangu, lakini nitaifikia kwa njia yangu, na njia yangu inapitia Agincourt.

Mnakumbuka tulipokuwa tukikaa Agincourt, kabla Errol hajahamia kwenye hiyo nyumba yake ya Richmond Hill yenye vyoo vingi kuliko watu. Nilikuwa mjane, mgeni Kanada, mwalimu asiye na darasa, nashinda dirishani natazama theluji kama mtu aliyefungiwa kwenye friji. Nikasikia kwamba shuleni wanafungua madarasa ya Jumamosi ya lugha za nyumbani. Watoto wakitimia idadi inayotakiwa, lugha yenu inapewa chumba. Nilizunguka kuwatafuta. Nilikwenda kwa Évariste, yule Mkongo fundi magari, akanipa watoto wake, Kiswahili chao nusu Kifaransa, nikasema njooni hivyo hivyo tutanyooshana. Nikaenda kwa Kuria, Mkenya wa kanisani kwetu, akanipa wake. Niligonga milango ya watu nisiowajua, kwenye baridi ile, na magoti haya. Na wewe Errol ukaniahidi Renata, akiwa na miaka minane.

Jumamosi ya kwanza nimesimama mlangoni kuwapokea wanafunzi, chaki mkononi, roho imenichangamka, mara namwona mjukuu wangu anapita mbele yangu ameshikana mkono na msichana mwingine, anaingia mlango wa pili, darasa la Wafilipino. Karani alikuwa ameliona jina letu la Miranda, akautazama uso wa mtoto, akaamua mwenyewe kwamba huyu ni wao. Simlaumu karani. Mreno aliwabandika babu zetu wa Goa majina yake, Mhispania akawabandika wale wa Manila majina yake, na majina yenyewe ni ndugu. Mtu wa Kanada angetutofautishaje? Kosa lenyewe lilikuwa la kusahihishwa kwa neno moja. Nilikufuata garini, Errol, umekaa na kahawa yako, nikakuambia teremka ukaseme. Ukanijibu, "Mama, mwache, ameshapata rafiki. Na Kiswahili atakitumia wapi?" Ukapandisha kioo.

Darasa langu lilipungukiwa na mtoto mmoja. Walivumilia majuma machache, wakalifunga, wakanipa kadi ya shukrani yenye maua. Mtoto huyo mmoja alikuwa ng'ambo ya korido, anaimba wimbo wa taifa la watu wengine, na anauimba vizuri.

Na kwa kuwa wewe na mkeo mlikuwa kazini Jumamosi zilizofuata, mimi niliyefungiwa darasa ndimi niliyempeleka na kumsubiri. Nilikaa kwenye benchi la korido nimenuna. Mwalimu wao, Ligaya, mwanamke mdogo wa umbo ambaye siku za kazi alikuwa akiwaogesha wazee kama mimi, akafungua mlango akaniita ndani kwenye joto. Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu chumba chake kilijaa mpaka watoto wengine walikaa sakafuni. Lakini baridi haina heshima, nikaingia, nikakaa nyuma.

Alikuwa akiwafundisha maisha ya shujaa wao, yule daktari wa macho wa zamani za Wahispania. Renata alimwita Daktari tu, kana kwamba ni jirani yetu wa ghorofa ya pili, na mimi nimemzoea kwa jina hilo. Kwao ni sheria, Ligaya aliniambia. Mtoto hapiti shule bila kufundishwa habari zake, na sheria hiyo ilipokuwa inapitishwa mapadri waliipinga vikali, maana Daktari alipokuwa hai, kwa vitabu alivyoandika, hakuwaachia mapadri nafasi ya kupumua. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa nikasikiliza, nikajikuta namngojea mtu huyo Jumamosi hadi Jumamosi. Alisomea macho ili amtibu mama yake aliyekuwa akipofuka. Wahispania walipomhamishia kijiji cha mbali kumwadhibu, hakukaa akilia. Alifungua shule ya wavulana, akatibu macho ya watu, akavuta maji mpaka kijijini. Kisha wakamrudisha Manila wakamhukumu kifo. Aliomba apigwe risasi akiwatazama wapigaji. Wakamkatalia, wakasema msaliti hupigwa mgongoni. Akawapa mgongo, na bunduki zilipolia akajipindua, akaanguka uso wake ukitazama mbingu.

Ligaya hakupaza sauti. Aliwauliza tu, "Kwa nini aligeuka?" Akawaacha wabishane, na kila mtoto alikuwa na sababu yake. Mimi nilifundisha siasa na uraia Tanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, bendera kila asubuhi, wimbo wa taifa, watoto wamesimama mistari mpaka jua linawachoma visogo, na swali langu lilikuwa na jibu moja, nalo limo kitabuni. Errol, wewe ulikuwa mstari wa mbele. Hakuna aliyekupita kwa siasa shule nzima. Nilikutia alama zote kwa mkono wangu nikajivuna mtaa mzima. Leo nauliza alama hizo zilikwenda wapi, maana kwako sijaziona hata siku moja.

Ukaja mwezi wa Desemba, watoto wakaigiza, na Renata akapewa kuwa Daktari. Alivaa koti lako jeusi, Errol, mikono imemfunika vidole. Watoto wengine wakanyoosha mafimbo, ngoma ikapigwa, na yule mtoto akajipindua akaanguka chali, macho wazi, ukumbi mzima ukapiga makofi. Wewe ulipiga picha. Ulipeleka picha hizo mpaka London kwa baba zako wakubwa.

Usiku ule tulikula sorpotel, ule mchuzi wetu wa nguruwe niliopika tangu jana yake. Renata akiwa bado na rangi za usoni akauliza, kwa Kiingereza chake, lakini swali ni swali: "Wao wana Daktari. Sisi wetu ni nani?" Elaine, ulikuwepo, uliinamia sahani. Na wewe Errol, huku unatafuna, ukamjibu mwanao, "Hatuna mtu. Sisi kule tulikuwa wapita njia tu." Juu ya kichwa chako ukutani ilikuwa imetundikwa picha ya baba yako.

Nilisimama nikaenda jikoni. Mkadhani nimekwenda kuongeza mchuzi.

Renata, hukumwona babu yako Gaspar, na baba yako anakusimulia kisa kimoja tu, kile cha kuchekesha watu kwenye sherehe. Sasa kisikilize kwangu mimi niliyekilipia kwa machozi. Babu yako alikuwa karani wa forodha bandarini Tanga. Nchi ilipopata uhuru, watu wetu wengi waliweka hati zao za kusafiria za Kiingereza chini ya godoro wangojee kuona upepo. Yeye alikwenda akaapa kuwa raia, akarudi nyumbani amevaa tai, akatuambia tumvulie kofia. Kaka zake wakamcheka. Mwaka wa sabini na moja serikali ikachukua majumba ya kupangisha, na letu likamo, jumba la ghorofa la baba yake pale karibu na soko, ambalo kodi yake ndiyo iliyokuwa ikitusomeshea watoto. Kaka zake wakafunga masanduku. Gaspar akavaa shati safi, akamshika mkono Errol, mtoto wa miaka tisa, akaenda naye kukabidhi funguo. Alimpa ofisa funguo zote, kisha akamwambia, "Mlango wa nyuma huwa unakwama. Unyanyue kidogo ndipo ufungue, la sivyo mtauvunja."

Hapo ndipo watu wanapocheka, Errol, unapowaigiza sauti yake. Mjinga gani anayenyang'anywa nyumba halafu anamfundisha mnyang'anyi namna ya kufungua mlango? Na mimi sisemi ilikuwa haki. Tulionewa. Nilimlilia, nilimtukana, nilikataa kumpakulia chakula, na kaka zake wakapiga simu kutoka London kumwita. Aliniambia neno moja tu, amesimama jikoni na sahani yake tupu: "Nimeonewa, Socorro, lakini nimeonewa kwetu." Akajipakulia mwenyewe, akala, kesho yake akaenda kazini. Alikaa pale mpaka akafa, amezikwa pale, na vijana wa bandarini ndio waliobeba jeneza wakigombania nafasi, wewe hukuja, ulisema tiketi ni ghali.

Ulimshika mkono siku ile, mwanangu. Ulikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote duniani. Ligaya aliikimbia nchi ambayo haikumlisha, anasugua migongo ya wageni, na bado Jumamosi watoto wa wenzake wanajua wao ni kina nani. Wewe ulikuwa na wako ukutani, ukasema huna.

Elaine, nipe maji... kidogo tu. Loanisha pamba.

Sasa nyumba ya Chumbageni. Mimi nizikeni hapa hapa. Msisafirishe maiti, sina la kuonyesha kule nikiwa ndani ya sanduku. Nauli ambayo ingelibeba jeneza langu mpeni aliye hai: Renata aende Tanga. Na Errol, wewe ndiwe utakayempeleka, si mwingine. Mtakwenda makaburini. Utasimama mbele ya kaburi la baba yako, mwanao akiwa kando, na utalirudia jibu lile, neno kwa neno, kwa Kiswahili, maana ndicho alichokuwa akizungumza nawe: hatuna mtu, sisi kule tulikuwa wapita njia tu. Ukiweza kulisema lote, sauti isikatike, basi nyumba ni yako, iuze siku hiyo hiyo, ule bei yake yote, na mimi nilipo sitanung'unika. Ukishindwa kulimaliza, nyumba ni ya Renata, na wewe utabaki huko majuma machache umsaidie kupaka chokaa. Elaine ni shahidi. Renata, wewe ndiwe utakayeamua kama amelimaliza. Nakuamini. Ulijua kwa nini Daktari aligeuka.

Nimechoka. Nilikuwa na mengine... yamenitoka.

Nawasameheeni, ingawa moyo bado unauma, na nadhani Mungu anajua tofauti. Elaine, mikono yako ibarikiwe, usiwahi kuosha mtu asiyekushukuru, mimi sikukushukuru vya kutosha. Errol, watoto wako wasikufanyie. Nasema kweli, namwomba Mungu wasikufanyie ulivyonifanyia. Mkae pamoja. Mkipika, muitane.

Renata. Njoo unigeuze. Acha, Elaine, acha yeye. Nimeongea na ukuta vya kutosha. Shika hapa, begani... polepole... hivyo.

Eh. Sasa nawaona.

Errol, usilie hapa. Hapa ni bure. Yaweke, utayahitaji kule.

Na mkitoka makaburini, Renata, mpitie pale karibu na soko, jumba la ghorofa. Hodi, useme. Uwaulize waliomo... ule mlango wa nyuma... kama bado wanaunyanyua.