Mashine ya Cheche na Kamba Nyekundu

Benchi limeegemezwa kwenye ukuta wa chuo kikuu, buli la kahawa liko motoni, na wateja ni wale wale. Wakili ni fundi viatu, mahakamani hajawahi kuingia ila kama shahidi. Redio ni fundi cherehani, habari hazimlali tumboni. Cheche ni mkereza vyuma, mchongaji wa vipuri, na asubuhi ile alikuja amefura hata kukaa hakutaka. Miaka ishirini na mitano iliyopita, kitivo cha uhandisi kilikuwa banda la bati na wanafunzi kumi na mmoja, hakina hata msumari. Cheche akakiazima mashine yake ya kukereza kwa muhula mmoja. Leo kina ghorofa nne na wanafunzi mia nane, kinasherehekea miaka hiyo, na yeye alikuwa ametoka huko kuidai.

— Wameipaka rangi! akafoka. Kijani, kama mlango wa choo! Wameichimbia kwa zege pale mapokezi, wakaizungushia kamba nyekundu, na kibao: "Usiguse." Mashine iliyonila kidole, naambiwa nisiiguse!

— Jina lako halipo? Redio akauliza.

— Lipo la mkuu wa kitivo. Si alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja? Kukereza alikuwa hajui, nikimshika mkono kama mtoto wa chekechea!

Wakili akakohoa.

— Kisheria, kitu ukimwazima mtu miaka kumi na miwili bila kukidai, kinakuwa mtoto wake wa kambo.

— Nimekidai kila mwaka! Wananiambia andika barua. Nikiandika, kamati haijakaa. Hiyo kamati haina makalio?

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Inaingiaje hapo?

— Wao wageni, mashine jembe. Si ulishawapa mwenyewe!

— Nyamaza, Wakili, nisije nikakutia makofi.

— Nyie hamjui kitu, Redio akadakia. Zege ni la nini? Jengo lile walikosea hesabu. Mashine ndiyo nguzo. Ukiing'oa tu, ghorofa zote nne chini!

— Kubwa zaidi, Wakili naye hakukubali kushindwa. Kilichosajiliwa ni mashine, siyo kitivo. Siku ikitoka mlangoni, vyeti vyote tangu mwanzo vinakuwa karatasi za kufungia sabuni.

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Cheche hakucheka. Miaka yote hiyo alikuwa akiomba zamu kwenye karakana ya mwenzake, na mwenzake alipofariki, watoto wakauza kila kitu kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mji mzima haukubaki na mashine ya kukereza ila ile ya kijani. Wateja wake walishaacha kuja. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mikono yake ilikuwa bado inaiweza kazi.

Ndipo akatokea binti mmoja, ovaroli yake ya buluu haina hata doa, ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Samahanini wazee wangu. Mimi nasoma uhandisi hapo ndani, mwaka wa nne. Pampu ya bweni letu imekatika shafti, leo siku ya tatu hatuna maji. Mkuu wa kitivo kanituma nitafute fundi wa mtaani.

Cheche akalifungua gazeti. Akaizungusha ile shafti, fimbo fupi ya chuma, akapapasa palipovunjika kwa vidole vyake vinne.

— Nakukerezea mpya. Kazi ya saa moja hii, akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilitulia.

— Afadhali, baba! Nilikwisha kata tamaa. Mashine yako iko wapi?

Redio akainamia kikombe chake. Cheche akageuka, akautazama ukuta wa chuo nyuma ya benchi.

Binti akawatazama mmoja mmoja.

— Kwani ni mbali?