Walikoipeleka Sauti ya Mama Kahambu

Kijiwe chetu kiko Bwera, kando ya barabara iendayo Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, mkabala na kibanda changu cha kushonea viti vya pikipiki. Benchi lenyewe nililivika mimi kwa mabaki ya ngozi ya plastiki, nyekundu huku, nyeusi kule, na tangu siku hiyo wanaolikalia wanajiona wabunge. Asubuhi utawakuta watatu. Wa kwanza ni Mbusa, mkimbizi wa Beni, tunayemwita Sampuli kwa sababu hakuna mtafiti aliyewahi kuvuka daraja la Katunguru kuja huku akarudi bila kumhoji. Wa pili ni Afande Abubaker, askari mstaafu mwenye siri za nchi zote kichwani, hata zile ambazo nchi zenyewe hazijazisikia. Wa tatu ni Davis. Baba yake alichimba shaba Kilembe, basi yeye tukambatiza Kobalti. Anayewauzia kahawa ya tangawizi ni Wivine, Mkongomani wa upande wa Butembo, ambaye kama Sampuli husema 'ba' badala ya 'wa' na 'njo' badala ya 'ndio', mwanamke wa maneno machache. Jumanne hiyo hata hayo machache hakuwa nayo. Ilikuwa wiki ya kutimiza mwaka tangu tumzike mama yake, Mama Kahambu, huku ugenini.

Kobalti ndiye aliyeanza, akinyoosha kidole upande wa maduka.

Kobalti: Banange, mtafiti huyo! Iko pale kwa duka ya chumvi. Ameshika ile kitu ya kuandikia kwa vidole.

Sampuli akakaa sawa, akafunga kifungo cha shati.

Sampuli: Muniache mimi kwanza. Munajua nimezoea.

Afande: Wewe kaa! Kila siku wewe. Sisi hatuna majibu?

Sampuli: Majibu muko nayo, lakini hamuna mupango. Mutafiti akikuuliza unakula mara ngapi kwa siku, usiseme mara mbili mbio-mbio. Unaangalia chini kidogo. Unahema. Njo unasema mara mbili.

Mimi: Na ukiwa umekula mara tatu?

Sampuli: Unahema zaidi.

Tulicheka sote, isipokuwa Wivine. Alikuwa anapepea makaa chini ya birika, ametugeuzia mgongo.

Wivine: Akikuya hapa, mimi njo nitamuuliza yeye.

Sampuli: Umuulize nini?

Wivine: Fasi gani baliweka sauti ya mama yangu.

Hapo mimi huwa nashindwa kufanya mzaha, na mtu anayenijua anajua hilo si jambo dogo. Miaka minne iliyopita alikuja mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akitafuta wazazi waliokimbia vita pamoja na watoto wa shule. Mama Kahambu akaingia naye chumbani, mlango ukafungwa, kinasa sauti kikawashwa, ikapita saa nzima. Wivine alikuwa nje akichambua maharagwe. Mama alipotoka akaulizwa amesema nini, akajibu kwamba ni siri, na hakulizungumzia tena mpaka anaingia kaburini. Simu iliyokuwa na ujumbe wake wa sauti ilimponyoka Wivine siku ya soko, ikazama kwenye mto Lubiriha. Kwa hiyo sauti ya yule mama, katika dunia nzima hii, imebaki mahali pamoja tu, na mahali penyewe hapajulikani.

Wenzangu wanapajua, bila shaka. Hakuna kisichojulikana kwenye benchi langu.

Sampuli: Iko nyumba moja kubwa sana kule Ulaya, chini ya udongo. Baridi mingi. Bitu yote ya utafiti banaiweka mule. Damu yangu, ile balinitoa wakati wa Ebola, iko mule. Halafu batu ya sanaa balikuya na kalamu ya rangi, baniambia, chora nyumba yenye uliacha. Nikachora. Nikatia muti ya avoka. Nikatia na mbwa. Balibeba.

Mimi: Hukuomba wakuachie?

Sampuli: Nilizani batanirudishia. Nyumba yenyewe balichoma, sasa imebaki ile ya karatasi. Iko mule ndani, na mbwa.

Kobalti: Na sauti ya Mama?

Sampuli: Sauti iko kwa etajeri, ile rafu ya juu. Mukubwa wao akifunga ofisi, damu yangu inatoka kwa chupa, inaingia kwa nyumba yangu ya karatasi, inakaa kwa mulango. Inasikiliza Mama Kahambu vile anazungumuza. Minaona vile kabisa.

Alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa yamevuka mpaka, yako kwenye vilima vya upande wa pili. Sikumwuliza anaona nini kingine.

Afande: Upuuzi! Wewe Mkongo, damu inatembea? Sikiliza hapa. Hiyo ni mambo ya siasa ya dunia. Vita ya siku hizi hakuna bunduki. Wanapima. Nani amekimbia, amebeba nini, amelia kwa lugha gani. Wakimaliza kupima wanaenda kwa mkutano.

Mimi: Mkutano gani, Afande?

Afande: Mkutano! Iko meza, iko bendera. Nchi moja inasema, mimi niko na sauti elfu mbili. Nyingine inasema, mimi niko na elfu tano. Yenye elfu tano ndiyo inachora mpaka. Mimi nilikuwa jeshi, naelewa hiyo mambo.

Kobalti: Afande, wewe jeshini ulikuwa unapika.

Afande: Jikoni ndiyo habari inafika kwanza! Huyo mama iko ndani ya mkutano saa hii. Jenerali wamevaa vitu kwa masikio, wamenyamaza, wanasikiliza yeye. Hata chai hawakunywa.

Niliona mgongo wa Wivine ukinyooka kidogo. Nadhani picha ile haikumchukiza, mama yake akisikilizwa na majenerali walionyamaza. Mimi mwenyewe nilitamani iwe kweli, Mungu anisamehe.

Kobalti: Nyinyi wote hamkusoma. Sauti haikuenda popote. Ile mashine ya kushika sauti imetengenezwa na nini? Madini. Na madini inatoka wapi? Hapa kwetu na hapo kwenu. Walikuja wataalamu Kasese kupima udongo, mmoja alikuwa analala kwetu, akaniambia kila madini inakumbuka moto iliyopita ndani yake.

Mimi: Alisema inakumbuka?

Kobalti: Alisema kwa Kiingereza, mimi nikaelewa hivyo. Sasa, mashine ikizeeka wanatupa. Wakitupa, madini inarudi kwa udongo. Udongo ni mmoja, haina Ulaya, haina Uganda. Inatembea pole pole, inarudi kwa ndugu zake. Mzee wangu alikuwa anasema kule chini ya mgodi unasikia watu wanaongea, na hakuna watu. Ni hao! Wivine, wewe panda tu mpaka Kilembe, weka sikio kwa jiwe.

Nilingoja Wivine amrushie kikombe. Badala yake aligeuka, upepeo mkononi, akamtazama Kobalti kama anayeuliza njia.

Wivine: Jiwe gani? Niambie ni gani, nitaenda leo.

Kobalti akainamisha kichwa. Maskini, hakuwa na jiwe.

Ndipo yule mtafiti akatufikia, kumbe msichana. Mwembamba, hijabu ya kijani, viatu vimejaa vumbi. Alitusalimu kwa Kikonjo, wabukire, akapiga goti kidogo kwa wazee, na Afande akalegea papo hapo.

Raihana: Mimi naitwa Raihana, nyumbani ni Kasese, pale Nyamwamba. Niko nasoma chuo, mambo ya vifaa vya kujengea. Natafuta kahawa ile inabaki chini ya birika. Tunachanganya na udongo, tunachoma matofali, tunaona kama itakuwa nyepesi. Sasa nauliza tu, mama, hiyo masalio unatupa wapi?

Sampuli, ambaye tayari alikuwa ameshahema, alionekana kuvunjika moyo.

Wivine: Nitakujibu na nitakupatia yote. Lakini mimi kwanza.

Akafungua kifundo cha kitenge, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya Kiingereza, na chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba. Raihana aliisoma yote amesimama.

Raihana: Hii ni karatasi ya ruhusa. Mama yako alikubali kuongea. Alikuwa mshiriki nambari kumi na nne. Kwa nini hamkuandikia huyu mtafiti siku zote?

Wivine: Ni siri. Tungeuliza vipi, na mama aliweka kidole kwamba ni siri? Banaweza kukufunga.

Raihana: Hapana, mama! Siri ni ya mtafiti. Yeye ndiye haruhusiwi kutaja jina. Mama yako alikuwa huru. Angeweza kusema yote kwa mtu yeyote, hata siku hiyohiyo, hata jioni mkila.

Lori la saruji lilipita, likatufunika vumbi, na lilipokwisha kupita Sampuli alikuwa amevua kofia.

Sampuli: Wivine. Ni mimi.

Wivine: Wewe nini?

Sampuli: Mama aliniuliza. Alisema, Mbusa, wewe umezoea batafiti, siri ni kusema nini? Nikamuambia, Mama, funga kinywa. Ukitoboa, banakurudisha Kongo. Nilitaka anione ninajua. Sikujua, Wivine. Mara zote balinihoji, sikujua hata siku moja.

Nilidhani atamtukana, na angekuwa na haki. Wivine akamjazia kikombe. Alikijaza kupita ukingo.

Wivine: Mama alikuwa anataka kuniambia. Wakati mwingine alikuwa anaanza, "Wivine, siku ile...", halafu ananyamaza. Nilizani ni uchungu ya vita.

Raihana alikuwa amekwisha keti katikati yetu, simu mkononi, anaandika kichwa cha utafiti kama kilivyo kwenye karatasi. Mtandao wa hapa una maringo yake. Tulisubiri, sote tumeinamia kioo kile kidogo, hata Afande, ambaye haoni bila miwani.

Raihana: Iko! Aliandika kitabu chote cha chuo. Ngoja nitafute kumi na nne. Kuna sehemu moja tu. Nitafsiri?

Wivine: Tafsiri pole pole.

Raihana akasoma, akisimama kila mstari kutafuta maneno:

"Mshiriki wa kumi na nne, mwanamke, fundi cherehani. Anasema: 'Siku ya kukimbia sikubeba sufuria. Nilibeba karatasi za shule za watoto, nikazifunga kifuani. Tulipofika hapa nikazianika zikauke, nikaona ile ya binti yangu mkubwa. Hesabu, alama tatu juu ya ishirini.' Hapa anacheka. 'Milima yote ile, risasi zote zile, mimi nimebeba tatu juu ya ishirini!' Anacheka tena, kwa muda mrefu. 'Nimeificha asije akaichana. Siku akipata raha nitamwonyesha, tucheke wote.'"

Wivine alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Wivine: Ni mimi. Tatu juu ya makumi mbili, ni mimi ile. Mwalimu aliandika na wino nyekundu.

Kobalti: Tatu kweli, Wivine?

Wivine: Tatu.

Akamshika Raihana mkono.

Wivine: Iliandikwa mama anacheka? Mama yangu? Ulisoma vizuri?

Raihana: Mara mbili, mama. Ya pili kwa muda mrefu.

Hakuuliza bure. Miaka yote aliyokaa Bwera, Mama Kahambu alikuwa anakaa mlangoni, uso umeelekea Kongo, mikono magotini. Alikuwa anaitikia salamu, anamshukuru mtu, anasali rozari. Kucheka hatukumwona. Kumbe alikuwa na kicheko chake chumbani, akampa mgeni mwenye miwani, mlango umefungwa, kwa sababu mgeni aliuliza.

Raihana: Anwani ya mtafiti iko hapa. Namwandikia sasa hivi, aitafute hiyo sauti, aitume.

Sampuli: Andika haraka, mutoto wangu. Andika na jina yangu, sema mimi njo nilikosea.

Raihana: Naandika. Lakini amesema hapa sauti ziko sitini, na majina yote yalifutwa. Pengine hata nambari zilibadilishwa. Itabidi asikilize moja moja. Tumsaidie, tumpe alama moja ya kumjua mama haraka.

Akainua macho kutoka kwenye simu, kidole tayari juu ya herufi, uso mwema kabisa.

Raihana: Alikuwa anachekaje?

Sampuli hakuhema, hakutazama chini. Alikuwa anamtazama Wivine, na sisi sote tukamtazama Wivine, kwa sababu kama kuna aliyewahi kukisikia kicheko kile, huko kwao kabla ya vita, ni yeye peke yake.

Wivine akafumba macho. Akavuta pumzi, akaijaribu. Kikamtoka kitu kidogo, kifupi. Akatikisa kichwa. Akajaribu tena, juu zaidi, akanyamaza katikati. Nyuma yake kahawa ilifurika, ikamwagikia makaa yakaanza kuzima kwa sauti, na hakuna aliyenyanyuka kuiepua.

Raihana: Si lazima, mama. Nitaandika tu kwamba ni fundi cherehani.

Wivine: Hapana. Andika vile iko.

Raihana: Niandike vipi?

Wivine: Andika mutoto wake hakumbuki. Andika njo maana anaomba.