Taarifa Iliyotiwa Adabu

Mashahidi wote wanakubaliana hivi: kwamba benchi lililo nje ya geti la ghala ndipo taarifa za kazini husomwa na kurekebishwa kabla ya kupelekwa juu kwa meneja, kwamba Nati, fundi wa lifti ya mizigo, alileta hapo taarifa fupi, "Waya wa lifti umelika. Utaua mtu", kwamba iliondoka benchini ikiwa ukurasa mzima, na kwamba mpagazi aliyezoea kukaa kwenye ncha ya benchi hilo alifia kwenye lifti hiyo, akazikwa jana. Yaliyobaki yana ubishi. Nayaweka kama yalivyosemwa, muuza kahawa akituminia vikombe. Waliosema ni Nati, Profesa ambaye ni karani wa stoo, na mlinzi, anayeitwa Geti.

NATI: Mimi niliandika "utaua".

PROFESA: Hukuandika, bwana, ulitisha. Nikakushauri kwa roho safi: anza na salamu, shukuru uongozi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

NATI: Nyoka katoka, Profesa. Kamgonga nani?

GETI: Jamani, tusitafutane. Mimi nilichogusa ni "utaua" tu, ikawa "unaweza kuleta usumbufu". Muungwana hataji kifo mbele ya wakubwa.

NATI: Na "uangaliwe panapo nafasi"?

GETI: Hiyo muulize msomi.

PROFESA: Ilikuwa adabu. Haraka haraka haina baraka.

Hapo walikunywa bila kutazamana.

GETI: Mi nakwambia meneja hasomi. Anapima urefu. Ikiwa ndefu, mwandishi ana akili.

PROFESA: Anasoma, ila mstari wa kwanza. Akikuta kashukuriwa, anatia sahihi, anakwenda kula.

GETI: Basi anasoma kwa pua. Karatasi ikinuka woga, anashtuka. Yetu ilinukia marashi, ikalazwa kabatini.

NATI: Yetu? Leo imekuwa yetu.

PROFESA: Hata marehemu aliisifu, usisahau.

NATI: Sijasahau. Alisema, "Sasa imekaa kiofisi."

Dada wa marehemu alikuwa amefika kuchukua buti za kaka yake kibandani kwa mlinzi. Alisimama nyuma yao kwa muda; walipomwona walisogea, wakamwachia ile ncha. Hakuikalia.

— Poleni, kaka zangu.

— Tumeshapoa, dada. Pole wewe.

— Nimewasikia. Hiyo ya kwanza, aliyoandika fundi. Ilikuwa na kosa gani?

Geti alinyoosha kikombe. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa masimbi ya kahawa tu. Nati alizitazama buti.

Sikuona ushahidi wa nia mbaya. Kila mmoja alilainisha neno lake kwa kumtakia mwenzake heri, na meneja, kwa haki yake, alisubiri nafasi kama alivyoombwa. Dada aliondoka bila jibu, buti zikiwa kwapani. Wewe uliyesikiliza, kata shauri mwenyewe.