Fundi Pima Tena na Jabari wa Ukumbini

Marehemu baba yetu, fundi bati ambaye wengi wenu mlimwita Pima Tena, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu, katika chumba kilichopakana na kiwanda cha sabuni. Alipenda kusema kwamba ndiyo maana alizaliwa msafi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akaingia karakana ya mjomba wake. Mjomba alimpa mkasi na onyo: "Ukiharibu bati langu, utalilalia." Tangu hapo marehemu alipima kila kitu mara mbili.

Mwaka 1979 alimwoa mama yetu, karani wa posta. Alimpima kidole mara mbili, na pete bado ikambana. Mama anasema alitaka tu kumshika mkono.

Mwaka 1988 shule ya mtaani ilimpa kazi ya kuweka dari ya nyota ukumbini. Alitoboa kundi la nyota la Jabari, mtu aliyejifunga mkanda: matundu matatu ya mkanda, tundu kubwa la Rijili, nyota nyeupe ya mguuni, na kwa Ibuti la Jauza, ile nyekundu ya begani, akabandika kioo cha taa ya nyuma ya baiskeli. Lakini alichora upande wa juu wa bati, na watoto walikaa chini. Taa zilipowashwa nyuma ya dari, kulia kwa Jabari kukawa kushoto.

Mimi, bintiye mkubwa, niliyesoma shule hiyo utotoni, niligundua kosa hilo nilipoajiriwa shuleni hapo kufundisha sayansi. Ningemwambiaje Pima Tena? Kila mwaka niliwagawia wanafunzi vioo vidogo, wakamtazama Jabari humo, akakaa sawa.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki tarehe 19 Juni 2022. Wiki moja kabla ya hapo nilimwambia ukweli, pamoja na habari ya vioo. Alicheka mpaka akakohoa, mama akanikata jicho.

"Mwanangu," akasema, "mimi niliona siku ileile. Nilikuwa naenda kumwomba mwalimu mkuu niishushe dari. Nikakuona umesimama juu ya benchi, unawaambia wenzako, 'Baba yangu ndiye kaweka zile nyota!' Nikageuza njia, nikarudi nyumbani."

Fundi asiyevumilia hata milimita moja aliishi na kosa hilo miaka thelathini na minne, akijua.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu watano.

Baba, ulinipenda kuliko jina lako. Mwenyezi Mungu akulaze pema.