Nani Alaumiwe kwa Mkono wa Randa

Nimeendesha malori miaka ishirini na miwili, nimevuka mipaka mpaka askari wakakosa pa kugonga muhuri, ndiyo maana kijiweni kwetu naitwa Pasipoti. Mtu wa namna hiyo ungedhani anajua kuketi. Basi juzi alasiri nilifika, nikasalimia kwa mbwembwe, nikajibwaga kwenye benchi jipya mbele ya karakana ya useremala, nikaanza kisa cha afisa wa forodha aliyenivua viatu avikague kisha akavikimbia mwenyewe. Nilipoinuka niwaonyeshe alivyokimbia, mimi niliinuka, suruali ikabaki. Si yote, ila kipande kilichong'ang'ania benchi kilitosha kumfanya Mama Kahawa ageuze uso pamoja na birika lake. Nikaketi upesi kuliko nilivyosimama. Vanishi ilikuwa mbichi kama uji.

— Nani kapaka hili benchi? — niliuliza, nikiwa nimeshikilia kiuno kwa mikono miwili.

— Mimi, — akajibu Randa. Huyu ndiye seremala wa pale; mikono yake mipana kama mabao ya kukatia nyama.

— Wewe na vanishi wapi na wapi? Mdogo wako yuko wapi?

Kijiwe kizima kikainamia vikombe. Hapo nikajua kwamba suruali ilikuwa janga dogo.

Mdogo wake Randa ni wa kike, sisi tunamwita Msasa. Katika karakana hiyo ya mama yao, kaka anakata na kugongomea. Dada anasugua na kupaka. Yeye hupaka tabaka la kwanza akaliacha likauke mpaka kesho yake, ndipo apake la pili. Randa alikuwa amepaka matatu kabla ya chakula cha mchana.

— Jana nilimzaba kofi, — alisema Randa, macho kwenye kikombe. — Moja tu.

— Moja tu, — Mama Kahawa akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi uliozidi chumvi.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ya jana alikuja mkandarasi aliyeagiza madawati arobaini ya shule. Akatikisa la kwanza, likalia. Akatikisa la pili, likalia zaidi. Akamwita Randa fundi bandia mbele ya wapita njia, akauliza kama mama yake alimfundisha kupiga misumari au kuipigia ramli. Randa akawa anajibu, "Sawa bosi, sawa bosi," na nyundo iko mkononi. Mkandarasi alipoondoka, dada akasema, "Kaka, si nilikwambia hizi mbao hazijakauka?" Ndipo mkono ukaruka. Msasa akafunika mkebe wa vanishi, akavua aproni, akaenda zake.

— Kaniambia atakuja leo saa kumi, — Randa akaendelea. — Najua anakuja kuchukua brashi zake. Karakana ya ng'ambo ya barabara wamemmezea mate siku zote. Akienda huko, mimi nimekwisha. Madawati yote ndiyo yatakuwa kama hilo alilokalia Pasipoti. Na kupiga magoti sipigi! Mimi ni kaka yake. Nisaidieni tu niseme ilitokeaje.

Kuliomba kijiwe maelezo ni kuwamwagia kuku mtama.

— Joto, — alisema Antena, fundi redio, ambaye kila analolijua kalisikia kwenye redio za wateja. — Wataalamu wameshasema, joto likipanda na ngumi zinapanda. Jana hilo bati lenu lilikuwa linakaanga. Damu ikachemka. Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba.

— Hiyo inaingiaje hapo? — aliuliza Mama Kahawa.

— Inaingia, ila mpaka uitafakari.

— Joto peke yake halina mkono, — akadakia Refa. Huyu alichezesha mechi za mtaa mpaka magoti yakamgomea. — Ni kile mtu alichoshika. Mimi nikiwa na filimbi mdomoni naona makosa mpaka kwa mpira wenyewe. Nikiiacha nyumbani, mtu ananikanyaga sokoni na samahani naomba mimi. Randa, ulishika nini?

— Nyundo.

— Umeona! Nyundo ndiyo iliyokuchokoza.

— Lakini nilipiga kwa mkono mwingine.

— Huo mwingine uliona wivu.

Nami nisingekubali kupitwa, hata kama nilikuwa nusu suruali.

— Jamani, mimi nimeona dunia, — nikasema. — Kuna mpaka nilikwama siku tatu, karatasi zimekamilika, afisa anakunywa soda ananitazama. Siku ya tatu nikashuka nikalipiga teke gurudumu la lori langu mwenyewe. Kidole kikavunjika. Hasira ni kama maji, mkiiziba huku inatokea kule. Mkandarasi kaijaza, Randa kaiziba, ikamtokea dada.

— Kwa hiyo dada yake ni gurudumu? — aliuliza Mama Kahawa.

Nikanywa kahawa yangu, ingawa kikombe kilikuwa kitupu.

— Hapana, tuchimbe zaidi, — alisema Refa, sasa kapamba moto. — Randa, baba yako alikuwa anakupiga?

— Mpaka nikamzoea.

— Na babu yako alimpiga baba yako. Basi hilo kofi lina umri wa miaka themanini! Wewe umelipokea na kulifikisha tu. Wewe ni tarishi.

— Tarishi! — Randa alichangamka. — Hilo zuri. Nitaanza na hilo.

— Ngoja, ngoja, — Antena akasimama. — Wapita njia walikuwa wangapi?

— Kama kumi.

— Kuna aliyesema acha?

— Hakuna.

— Basi wamepiga wote! Wangekukataza usingepiga. Kofi moja, watu kumi na mmoja. Ligawanye. Fungu lako linalobaki ni kama kumpangusa mtu vumbi. Kidole kimoja hakivunji chawa!

Refa akapiga makofi. Randa akawa anahesabu kwenye vidole, midomo inacheza: joto, nyundo, mkandarasi, babu, wapita njia. Uso ulikuwa unakunjuka, na naapa alirefuka kidogo.

— Mimi nilikuwa mmoja wa hao kumi, — alisema Mama Kahawa. Hakupaza sauti. — Nilikuwa nimesimama hapo na birika. Sikusema acha, na jana sikupata usingizi. Kwa hiyo fungu langu ninalo. Lakini lile kofi nililisikia, Antena. Lilikuwa zima.

Antena akaketi.

Saa kumi kamili Msasa akaja. Alikuwa amevaa aproni yake, imefuliwa, na shavu la kushoto bado limetuna. Wote walisimama kumpisha isipokuwa mimi, kwa sababu mnazozijua.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukajibu, kila mmoja kwa wakati wake.

— Mdogo wangu, — alianza Randa, kifua mbele. — Kabla hujachukua brashi nikueleze. Jana kulikuwa na joto.

— Lilikuwepo.

— Nami nilikuwa na nyundo mkononi.

— Niliiona.

— Yule mkandarasi alinitia hasira, ikakosa pa kutokea. Halafu unamjua baba alivyotulea. Mimi ni tarishi tu. Na watu walikuwepo, hawakunizuia...

— Umemaliza?

— Nimemaliza.

Msasa akatutazama mmoja mmoja, kama anavyotazama ubao kutafuta mahali msasa haukupita. Nilitamani benchi linimeze lote.

— Nina swali dogo, — akasema. — Mkandarasi alipokuita fundi bandia na kumtukana mama yetu, joto lilikuwa hilohilo. Nyundo ilikuwa hiyohiyo. Watu walikuwa haohao, na baba yetu hajabadilika. Mbona yeye hukumpiga?

Refa akatazama magoti yake. Mimi niliyevuka mipaka yote hiyo nikakosa njia ya kupitia. Mama Kahawa alianza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo bado vilikuwa na kahawa, na hakuna aliyemzuia.

Randa alikunja vidole vyake kimoja kimoja, vilevile alivyohesabia. Kifua kikashuka. Alipokuja kusema, sauti haikuwa ile ya kijiweni.

— Yule angenirudishia.

Mbele yetu gari la mkaa lilipita, likatufunika sote kwa vumbi lake.

— Haya, — alisema Msasa. — Hilo nimelielewa.

— Nisamehe, mdogo wangu. — Na hapo, jamani, Randa alipiga magoti, kwenye vumbi, mbele ya wateja wake wa kesho. — Ningekuzuia, lakini sina uso. Brashi zako ziko juu ya kabati, nimezifuta zote. Nenda salama huko ng'ambo.

— Kwa nini niende ng'ambo?

— Si unaondoka?

Dada akampita, akafika mlangoni, akafunga vizuri kamba za aproni yake.

— Karakana ni ya mama yetu sote, na mimi sijampiga mtu. Ondoka wewe.