Sindano na Glovu za Tarishi

Wapendwa mliofika kumsindikiza dada yetu, kabla hatujaanza familia inaomba mjue kwamba historia hii ameiagiza mwenyewe, akiwa na akili timamu, mbele ya mumewe na wanawe watatu, akataka isomwe na mdogo wake wa kiume wala si na mtu mwingine, na akakataza kabisa asifanywe malaika, kwa maneno yake, "Mkisema sikuwa na wivu, nitaamka niwasahihishe." Hivyo yatakayosomwa hapa ni yale aliyoyataka yeye.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Sindano, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi seremala na mkewe, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliusoma wivu kabla ya kusoma herufi, kwani akiwa na miaka minne alimwona dada yetu mkubwa amevaa gauni jipya lenye kola nyeupe, hakulia, hakulalamika, alikaa chini akalitazama lile gauni siku nzima, na kesho yake akakutwa na mkasi chini ya kitanda, analikata shuka la baba kwa kipimo kile kile.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1965 katika shule iliyo kando ya reli, akamaliza mwaka 1971, na walimu wake walimkumbuka kwa hati nzuri ya mwandiko, ila wasilolijua walimu ni kwamba hati ile haikuwa yake, ilikuwa ya msichana aliyeketi naye dawati moja, aliyesifiwa mbele ya darasa, na Sindano akaiga kila herufi ya mwenzake kwa muhula mzima mpaka wawili hao wakawa hawatofautishiki, kisha akampita. Ndivyo alivyokuwa. Wivu wa wengine hula roho, wa kwake ulikula vidole, maana alichokionea wivu hakulala mpaka akiweze.

Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1974, na tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa katika karakana ya sare za shule, chumba kirefu chenye cherehani kumi na nane na madirisha upande mmoja tu, ambako alidumu miaka kumi na tano, na ni pale alipopewa jina la Sindano, wenzake wakidai ni kwa sababu ya wepesi wa mkono wake, ingawa msimamizi wake, ambaye tunashukuru yuko nasi leo, anasema ni kwa sababu ya ulimi.

Hapo karakanani ndipo alipokutana na shemeji yetu, tarishi wa posta aliyeleta barua kila siku saa nne asubuhi kwa baiskeli, mtu mpole, mwenye maneno machache, na walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa mwaka 1980, wa pili wa kiume mwaka 1983, na kitinda mimba, binti, mwaka 1986, na sasa wameongezeka wajukuu saba.

Tunafika kwenye jambo ambalo marehemu alisema tusiliruke.

Shemeji yetu aliendesha baiskeli karibu kilometa arobaini kila siku ya kazi, akiwa na mfuko wa barua mbele ya usukani, na kufikia mwaka 1988 viganja vyake vilikuwa vinakufa ganzi, akifika nyumbani hawezi kufunga kifungo cha shati, daktari akamwambia kwamba kuna mshipa wa fahamu unaogandamizwa kiganjani, na kwamba asipoikinga mikono yake itabidi aiache barabara akakae dirishani kuuza stempu, neno lililomuuma kuliko ule ugonjwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameoa wake wawili, dada yetu na ile baiskeli. Akaanza kutafuta glovu. Alinunua za sponji, sponji ikajikusanya upande mmoja kama godoro bovu, akanunua za plastiki, zikamchujia rangi mpaka mikono ikawa ya bluu, akanunua nyingine za kung'aa, za kufungia kwa utepe wa kunata, zikapasuka kwenye kidole gumba kabla ya miezi miwili, na muda wote huo mke wake, fundi wa kushona anayejulikana mji mzima, alikuwa kwenye msimu wa sare, anaondoka alfajiri, anarudi amechoka, na tarishi hakumwomba chochote.

Jumanne tarehe 7 Machi 1989 alirudi nyumbani amevaa glovu ambazo dada yetu hakupata kuziona, za mtindo wa zamani, ule waliovaa waendesha baiskeli wa enzi za babu zetu, kiganja cha ngozi laini ya mbuzi, mgongo umefumwa kwa krosheti kwa uzi wa pamba ili mkono upumue, vidole vimekatwa nusu, na kifungo kimoja cha mfupa kwenye kifundo cha mkono. Dada yetu alizichukua, akazigeuza ndani nje, na kama fundi alikiona ambacho mke mwingine asingekiona, yaani kwamba ndani ya kiganja cha kushoto palikuwa na kishimo kidogo, ngozi imepunguzwa kwa ustadi, mahali pale pale ilipokuwa sugu ya mumewe.

Alimwuliza, "Nani kakushonea?"

"Fundi wa ngozi, yule wa mtaa wa mabati."

"Mwanamke?"

"Ni fundi, mama watoto."

"Sikuuliza kazi yake. Mtu hawezi kuijua sugu ya mume wa mtu bila kuishika."

Shemeji akasema kweli ameishika, ameishika kwa kazi, kama daktari, na dada yetu akamjibu kwamba madaktari huwa hawaweki vifungo vya mfupa. Tangu hapo, kwa siku tano, alimwekea mumewe chakula mezani, yeye akala jikoni, na mwenyewe alitusimulia kwamba hakujua kilichomchoma zaidi, kwamba mwanamke mwingine ameushika mkono wa mumewe, au kwamba ameshona vizuri namna ile.

Jumapili tarehe 12 Machi, mume akiwa ameenda kumtazama mgonjwa, dada yetu alizifumua zile glovu. Hakuzichana, alizifumua, uzi mmoja baada ya mwingine, akavipanga vipande mezani kwa ukubwa, akakusudia kuzishona upya kwa mkono wake ili ziwe zake, na ikamshinda, ngozi haikutii sindano ya kitambaa, akajaribu mpaka vidole vikatoka damu, na mume aliporudi akamwambia kwamba panya wamezila.

Tarishi alirudi barabarani mikono mitupu. Alhamisi tarehe 16 Machi, akishuka mteremko wa hospitali, viganja vilikufa ganzi, akashindwa kubana breki, akagonga ukingo wa daraja, akavunjika mfupa wa bega, na mtu wa kwanza kufika wodini alikuwa mkewe, bado ana vipande vya uzi kwenye nguo, na alilolisema halikuwa pole.

"Si panya. Nilizifumua mimi."

Shemeji yetu alikuwa amelala, bega limefungwa, akamwambia bila kufumbua macho, "Najua. Panya gani anapanga vipande kwa ukubwa?"

Dada yetu alilia pale hata muuguzi akadhani mgonjwa amefariki, kisha akamwuliza kwa nini hakumwomba yeye, mke wake, fundi wake, amshonee, na mume akajibu, "Kwa sababu ungenishonea, zingeniumiza, na ningezivaa tu." Marehemu alisema kwamba katika ndoa ya miaka arobaini na minne hakuwahi kutukanwa tusi zuri kuliko lile.

Kesho yake aliviweka vile vipande kwenye kitambaa, akaenda mtaa wa mabati, kwa yule fundi, ambaye watu humwita Bi Ngozi, mjane, mwenye kibanda cha kushona siti za baiskeli, mikanda na mikoba, naye Bi Ngozi alivichukua vipande, akaviinua kwenye mwanga, akasema, "Aliyefumua hii hakukata hata uzi mmoja. Nani huyu?"

"Ni mimi. Nilitaka kujua umemshika mkono mara ngapi."

"Mara moja, tena mkono wenyewe ulinuka grisi ya mnyororo. Vuta kigoda ukae, nikuonyeshe."

Akakaa. Alikaa kila Alhamisi baada ya kazi, kwa miezi kumi na minne, akajifunza kulowesha ngozi na kuivuta kabla ya kuikata, kutoa mshono nje ili usichubue kiganja, kuweka pamba badala ya sponji, na kufuma mgongo usiolegea ukifuliwa, na msidhani kwamba mapenzi yalizaliwa hapo, la hasha, waligombana kila Alhamisi, na mara mbili dada yetu aliondoka akiapa harudi, akarudi, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kwamba kuna jambo yule mama analijua na yeye halijui.

Mwezi Juni 1990 aliacha kazi ya sare, akafungua chumba chake cha kushonea glovu upande wa pili wa barabara, akitazamana na Bi Ngozi mlango kwa mlango, na mume wake akavaa za mkewe mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2012, mikono yake mizima, hakukaa dirishani hata siku moja, na jozi moja ilimdumu miaka minne, ikibadilishwa ngozi ya kiganja tu. Chama cha waendesha baiskeli cha mji wetu kilimpa dada yetu oda kila mwaka. Lakini wivu ulikuwa ukifagia kizingiti chake kila asubuhi, maana kila mteja aliyeingia ng'ambo alihesabiwa, na mwendesha baiskeli akipita amevaa glovu ngeni, dada yetu alimsimamisha, akamshika kiganja katikati ya barabara, akaugeuza mshono, na kama ulikuwa mzuri alirudi ndani akiwa amenuna mpaka jioni. Mwaka 2004 shemeji alionekana na glovu za Bi Ngozi, akajitetea kwamba za mkewe zimefuliwa na bado zina maji, na kwa wiki mbili mzee wa watu alijipikia mwenyewe.

Alianza kuugua mwezi Novemba 2022, akavimba miguu, kisha mikono, madaktari wakagundua kwamba moyo umepanuka, akalazwa mara tatu, na kufikia Aprili mwaka uliofuata vidole vyake havikuweza tena kushika sindano, huku oda ya chama ya jozi ishirini na mbili ikiwa imebakiza tisa, na mashindano ni mwezi Juni. Alikataa asaidiwe. Alisema kheri washindane mikono mitupu. Binti yake mkubwa hakubishana naye, alivuka barabara.

Bi Ngozi alikuja na kigoda chake, akaketi kando ya kitanda mchana baada ya mchana, miaka yake sabini na moja, miwani miwili imepandana puani, akashona, na marehemu akaikagua kila jozi kwa macho kwa kuwa mikono ilikataa, jozi ya tatu akasema haimridhishi, ifumuliwe, na Bi Ngozi akaifumua, akaanza upya. Jumatatu tarehe 12 Juni jozi ya mwisho ikakamilika. Kila fundi ana muhuri wake mdogo wa kugonga kwenye ngozi, ndani ya kifundo, na Bi Ngozi, kwa heshima ya mgonjwa, aliuomba muhuri wa Sindano ili azigonge zote tisa kwa jina la mwenye oda.

Marehemu alitikisa kichwa.

"Gonga wako."

"Oda ni yako, mwenzangu. Nani atajua?"

"Mimi. Miaka thelathini na tatu natafuta kasoro kwenye mshono wako. Sijaipata, na nimekuonea wivu mpaka hapa kitandani. Sasa unataka nife nikisifiwa kwa kazi yako? Gonga wako, mama, nipumue."

Bi Ngozi aligonga wake, mara kumi na nane, mara moja kwa kila glovu, na dada yetu alihesabu.

Alituacha Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mumewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia mgonjwa aliyekosoa namna mashuka yao yalivyoshonwa, tunawashukuru majirani waliotubebea maji na viti, wenzake wa karakana ya sare, matarishi wastaafu waliofika wote na baiskeli zao, chama cha waendesha baiskeli, na Bi Ngozi, ambaye tumemwomba atoke huko nyuma alikojibanza aje akae hapa mbele pamoja na wanafamilia.

Pumzika kwa amani, Sindano wetu, hesabu imefungwa, nawe hukudhulumu mshono wa mtu.